Nani Alijaza Jedwali la Gusii?

Kaunti ya Kisii ina namba mbili. Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 ni ya 45, na jirani yake Nyamira ni ya 46. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 3166-2, inayotumiwa na kompyuta duniani kote kutambua mikoa na majimbo, Kisii ni KE-16 na Nyamira ni KE-34. Namba zote nne ni sahihi.

Zinatofautiana kwa sababu waliozipanga walikuwa na nia tofauti. Orodha ya ISO inafuata alfabeti: Kirinyaga, Kisii, Kisumu. Orodha ya Katiba inafuata historia. Inaanzia Mombasa, inamaliza Pwani, inapita Kaskazini Mashariki, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa na Magharibi, kisha inaingia Nyanza na kufunga kwa Nairobi, namba 47. Mikoa ya zamani imeondoka katika utawala, lakini imebaki ndani ya namba. Anayejua kuisoma 45 anajua kwamba Kisii ilikuwa Nyanza.

Sasa chukua programu ya kompyuta ambayo hakuna aliyeieleza tofauti hiyo. Ikiona 45 itaitafuta KE-45, ambayo ni Vihiga. Ikiona 46 itaangukia KE-46, ambayo ni Wajir. Majani ya chai ya Nyamira yatahesabiwa kwenye ukame wa Wajir, na hakuna mtu atakayepiga kelele, kwa sababu mashine haijui kwamba Wajir hakulimwi chai. Binadamu akisoma makala hujaza mwenyewe yasiyoandikwa. Mashine husoma kilichoandikwa tu.

Ndiyo sababu nimeifuata njia ya zamani, kutoka kilima cha mji wa Kisii hadi Keroka na Nyamira, nikiuliza swali moja: ni nani aliyewatia watu wa Gusii, eneo la kaunti hizi mbili, kwenye majedwali, na kwa faida ya nani? Kwa muda mrefu, kalamu ilikuwa mikononi mwa wageni. Leo liko jedwali ambalo kila mwenye simu anaweza kulijaza. Nafasi hiyo haijapata kutokea, nasi tunaiacha ipite.

Wino wa kwanza

Mji wa Kisii una majina mengine mawili ambayo wenyeji hawajayaacha, Getembe na Bosongo. Waingereza walifungua kituo chao cha utawala hapa mwaka 1907, miaka miwili baada ya msafara wao wa kijeshi wa 1905 kuingia milima hii. Afisa aliyewekwa hapa alikuwa kijana, G. A. S. Northcote. Mwezi Januari 1908 alichomwa mkuki na Otenyo Nyamaterere, shujaa aliyetiwa moyo na Moraa, mwanamke mganga na mtabiri aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona. Kilichofuata kilikuwa msafara wa adhabu: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, watu wakauawa, na Otenyo naye akauawa.

Baada ya bunduki likaja daftari. Kodi ya nyumba ilihitaji hesabu, na hesabu ilihitaji safu: jina la chifu, jina la mwenye boma, idadi ya nyumba. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hiyo alilipia tatu. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa desturi ya Kigusii ndiye kitovu cha nyumba hiyo, mashamba yake na watoto wake, alikuwa tarakimu tu katika safu ya mumewe. Daftari lilipangwa kwa ajili ya mkusanya kodi, nalo liliona kile tu mkusanya kodi alichotaka kukiona.

Urithi wa daftari hilo haujaisha. Northcote alipanda vyeo hadi akawa gavana wa British Guiana na baadaye Hong Kong. Kila hatua ya maisha yake iko kwenye karatasi, na karatasi ni chakula cha mashine. Kumwingiza kwenye kanzidata yoyote ni kazi ya dakika chache: cheo, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, chanzo. Moraa hana cheti cha kuzaliwa wala barua ya uteuzi. Yuko katika masimulizi ya wazee na katika vitabu vichache vya historia. Tukiuacha mtindo wa zamani uendelee, aliyechomwa mkuki atakuwa na maelezo kamili, na waliopigania ardhi yao watakuwa mstari mmoja ndani ya maelezo yake.

Msimbo wa lugha, msimbo wa mtoto

Baada ya mkusanya kodi walikuja wasomi. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie wa London alizigawa lugha za Kibantu katika makundi yenye herufi na namba, na Ekegusii ikawa E42. W. H. Whiteley alichapisha kitabu chake cha utangulizi wa lugha hiyo mwaka 1956. Leo katika viwango vya kimataifa lugha inatambuliwa kwa herufi tatu, guz. Bila herufi hizo simu haiwezi kujua kwamba maneno inayoonyeshwa ni ya Ekegusii.

Lakini kazi iliyonishangaza zaidi ni ile ya watoto. Kati ya 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine kutoka Marekani waliishi katika jamii ya Kigusii ambayo kitabu chao cha 1966 kinaiita Nyansongo. Walikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa John na Beatrice Whiting uliolinganisha malezi katika jamii sita: Kenya, Meksiko, Ufilipino, Okinawa, India na Marekani yenyewe. Watazamaji waliwaangalia watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 katika shughuli zao za kila siku, wakaandika kila tendo ambalo mtoto alimtendea mwenzake. Halafu kila tendo likatiwa katika fungu lake: kutoa msaada, kutafuta uangalizi, kutukana, kutoa amri ya busara. Kwa njia hiyo watoto 134 wa mabara tofauti waliweza kulinganishwa kwa hesabu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1975.

Jedwali hilo lilionyesha jambo la kweli. Watoto wa Nyansongo walijitokeza kwa kubeba majukumu: kuchunga, kusaidia shambani, na kumlea mdogo wao wakati mama yuko kazini. Mtoto mlezi huyo ana jina lake katika Ekegusii, omoreri, na jina hilo likaingia katika maandishi ya elimu ya malezi duniani. Data ikipangwa vizuri huweza kumpa heshima mtoto wa kijijini ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

Hata hivyo, mafungu yale yalibuniwa mbali na Gusii. Hayakutokana na yale ambayo wazazi wa watoto hao wangeyaita adabu au utovu wa adabu. Jedwali likakamilika, likaenda chuo kikuu. Kijiji hakikuwa na njia ya kuongeza safu wala ya kusema, hapa mmekosea.

Wikidata na kaunti ni rika moja

Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri, akaiita wiki. Wikipedia ilianza 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na makala mamia zikaongezeka.

Wiki ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Makala ni maandishi, na maandishi hayajui kujisahihisha. Idadi ya watu wa Nyamira ikiandikwa katika lugha kumi, imeandikwa mara kumi. Sensa mpya ikitoka, watu kumi wanatakiwa kukumbuka kubadilisha. Wenye lugha kubwa hukumbuka, na lugha zenye wachangiaji wachache hubaki na takwimu za zamani.

Suluhisho lilianzia Karlsruhe, Ujerumani, ambako mwaka 2005 Markus Krötzsch, Denny Vrandečić na wenzao walianza kutengeneza programu ya kuongeza data ndani ya kurasa za wiki, ili sentensi ya binadamu iwe pia taarifa ambayo mashine inaweza kuitafuta na kuihesabu. Wazo hilo likazaa Wikidata, kanzidata ya wazi ambayo yeyote anaweza kuihariri, iliyofunguliwa tarehe 29 Oktoba 2012. Miezi minne tu baadaye, tarehe 4 Machi 2013, Wakenya walipiga kura ya kwanza ya magavana, na kaunti zikaanza kazi. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake ya kujitegemea Februari 2013. Kwa desturi zetu, waliotahiriwa msimu mmoja huitana ndugu. Basi Wikidata, kaunti za Kisii na Nyamira, na Chuo Kikuu cha Kisii ni watu wa rika moja.

Tuiangalie taarifa moja kwa karibu. Katika Wikidata kila kitu, kiwe mtu, mto au mji, kina namba yake inayoanzia na herufi Q. Kenya ni Q114. Na kila sifa ina namba inayoanzia na P: idadi ya watu ni P1082. Taarifa moja kuhusu Nyamira inakaa hivi: Nyamira, idadi ya watu, 605,576. Chini yake unaandika mwaka, 2019. Chini zaidi unaandika chanzo, yaani ripoti ya sensa ya Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya. Mara moja inatosha. Ukurasa wa lugha yoyote unaweza kuchota hapo.

Uzuri wa pili ni kwamba la zamani halifutwi. Sensa ya 2009 iliipa Nyamira watu 598,252, na takwimu hiyo hubaki kando ya ile mpya ikiwa na mwaka wake. Ukiziweka pamoja unaona jambo ambalo makala ya kawaida ingelificha: kwa miaka kumi Nyamira iliongezeka watu 7,324 tu. Kisii katika muda huohuo ilitoka 1,152,282 hadi 1,266,860, nyongeza ya watu 114,578. Mbona tofauti kubwa hivyo kati ya majirani wanaosema lugha moja? Wataalamu wa idadi ya watu wana kazi hapo, na mwakilishi wa wadi anayegombea mgawo wa fedha ana swali la kuuliza. Lakini swali lenyewe huonekana pale tu takwimu zote mbili zinapokuwa hai.

Keroka, mahali penye majibu mawili

Barabara ya kutoka Kisii kuelekea Sotik inakupeleka Keroka. Siku ya soko ni msongamano wa mikungu ya ndizi, magunia ya mboga, boda boda na makanga wanaoita abiria. Mama anayepanga mafungu yake ya mboga ya chinsaga upande mmoja wa mji yuko Kisii, na mwenzake wa upande wa pili yuko Nyamira. Mpaka wa kaunti hizi mbili umekuwa mgogoro hapa kwa miaka mingi, kwa sababu anayeutawala mji ndiye anayekusanya ushuru wake.

Mashine inauliza: Keroka iko kaunti gani? Daftari la zamani lingelazimisha jibu moja. Wikidata inaruhusu majibu mawili yasimame bega kwa bega, kila moja na chanzo chake na tarehe yake. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ya ukweli wa Gusii iko hivyo. Wilaya ya South Kavirondo iliyotawaliwa kutoka Kisii ilijumuisha hata Wajaluo na Wakuria wa jirani. Wilaya ya Kisii ilitoka katika eneo hilo, Nyamira ikatoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Gucha ikafuata katika miaka ya 1990. Kwa kuwa kaunti zilifuata orodha ya wilaya ya sheria ya 1992, Gucha haikuwa kaunti, ikarudi ndani ya Kisii. Mtu aliyezaliwa Ogembo anaweza kuwa na hati zenye majina tofauti ya wilaya bila kuhama boma. Jedwali lenye nafasi ya kuandika "kuanzia lini" na "hadi lini" linaweza kumweleza mtu huyo bila kumfanya mwongo.

Hata Moraa ana nafasi. Wikidata inakubali tarehe isiyo kamili: unaweza kuandika karne ya 19 badala ya mwaka, au ukasema wazi kwamba tarehe haijulikani. Unaweza kuandika kazi yake, mtabiri, na tukio aliloshiriki, na kitabu kinachomtaja. Kutokuwa na cheti hakumfuti tena katika kumbukumbu za dunia, mradi awepo wa kumwandika.

Vivyo hivyo kwa mto. Gucha huanzia nyanda za juu za Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, na ukiingia Migori majirani zetu Wajaluo huuita Kuja, hadi unapomwaga maji Ziwa Victoria. Ni mto mmoja, basi namba ni moja na majina ni mengi. Na chinsaga ya mama wa Keroka ndiyo mgagani wa Waswahili na dek ya Wajaluo. Mtafiti wa lishe anayetafuta kwa jina la Kijaluo anapaswa kukutana na maarifa ya mama wa Kigusii palepale. Maandishi peke yake hayawezi kuwakutanisha.

Mambo ya kuangalia

Hatari zipo, tena kubwa. Roboti iitwayo Lsjbot, ya Msweden Sverker Johansson, iliandika mamilioni ya makala katika Wikipedia ya Kisebuano na ya Kisweden, nyingi zikiwa za vilima, vijito na vijiji vilivyochukuliwa kutoka kanzidata ya GeoNames. Makosa ya kanzidata hiyo yalikwenda nayo. Mahali pamoja penye tahajia mbili palipata kurasa mbili, kisha kurasa hizo zikaingia Wikidata. Wenyeji wasipojaza jedwali, litajazwa bila wao, na kosa lenye umbo la data husafiri haraka kuliko kosa la mdomo, kwa kuwa huzaliana katika kila programu inayolichota.

Pia, data za Wikidata hutolewa bila sharti lolote. Yeyote anaweza kuzichukua, yakiwemo makampuni yanayotengeneza injini za utafutaji na akili unde. Uhuru huo una faida yake: Google iliponunua kampuni iliyomiliki kanzidata ya Freebase mwaka 2010 na kuifunga mwaka 2016, ilidhihirika kwamba jedwali lenye mmiliki mmoja hufa siku mmiliki huyo akiamua. La umma halifi hivyo. Lakini lililowekwa hadharani halirudishwi. Kwa hiyo si kila kitu ni cha kuweka. Majina ya watu wa kawaida, kesi za mashamba, mambo ya ndani ya koo na ya jandoni yabaki kwa wenyewe. Shule, mito, masoko, hospitali, vitabu, watu wa historia na maneno ya lugha ndiyo mahali pa kuanzia.

Kuhusu maneno, mlango uko wazi tangu Mei 2018, Wikidata ilipoanza kupokea msamiati pamoja na sarufi yake. Neno omonto linaweza kuandikwa pamoja na wingi wake abanto, ngeli yake na maana yake. Kamusi kubwa ya Ekegusii ya Kennedy Bosire na Gladys Machogu ilichapishwa mwaka 2013, kazi ya watu waliojitolea kwa lugha yao. Kamusi ya karatasi humfikia anayeishika. Msamiati uliopangwa kwa mashine unaweza kuingia katika kibodi ya simu, katika programu ya kufundishia watoto, na katika mashine za kutafsiri ambazo leo haziijui Ekegusii vizuri. Kazi hiyo ifanywe kwa idhini ya waandishi na wachapishaji wa vitabu, na kwa masikio ya wazee wanaolijua neno lilivyo Bobasi na lilivyo Mugirango.

Kaunti hizi mbili zina maeneo bunge 13, tisa Kisii na manne Nyamira, na watu 1,872,436 kwa sensa ya 2019. Hakuna haja ya kusubiri mradi wa wafadhili. Mwalimu wa historia anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika shule za wadi yao, kila moja na mwaka wa kuanzishwa na chanzo chake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anaweza kuchukua kitabu kimoja cha historia ya Gusii na kuingiza kila mtu na kila tukio lililomo, ukurasa kwa ukurasa. Mkutubi anaweza kuwaonyesha namna ya kutaja chanzo. Anayeijua Keroka aandike mgogoro wake bila kuegemea upande, na aweke hati za pande zote mbili.

Mkusanya kodi alituhesabu bila kutuuliza, na watafiti wa malezi walitupanga kwa mafungu yao. Safari hii jedwali liko wazi na kalamu iko mikononi mwetu. Tulijaze wenyewe, kwa vyanzo vya kweli, kabla hawajalijaza wasiojua tofauti ya Nyamira na Wajir.